Vitufe Vitano kwa Mwezi

Mimi ni Taisto wa ghorofa ya pili, hapa Kemi,
na dari yangu ndiyo sakafu ya Raili Ojanperä.
Miaka kumi na mmoja nilivijua visigino vyake tu,
bomba lake likikohoa, zamu yake ya sauna Alhamisi.
Kisha Novemba, jua limeshafunga duka saa nane mchana,
akapanda ngazi amekumbatia sanduku kama abebaye mgonjwa.

Kodiani. Nyeusi, kutoka duka la Oulu,
miezi ishirini na minne, bila riba.
"Bila riba," alinirudia kwenye chumba cha kufulia,
akikunja shuka, kwa sauti ya mtu anayekagua yai kwenye mwanga.
"Muuzaji alitabasamu mno. Nikausoma mkataba mara tatu
nitafute jino lilikofichwa. Sikuliona.
Ndiyo maana silali."

Mama yake, aliniambia, alikufa hadaiwi hata chumvi.
Kwao kitu cha mkopo hukaa mlangoni na koti lake,
hakiambiwi keti.

Basi akapiga hesabu zake mwenyewe:
mkono wa kulia umegharimiwa na malipo ya awali,
baiskeli, saa ya marehemu, chupa ya sarafu;
mkono wa kushoto una vitufe mia na ishirini,
gawa kwa miezi ishirini na minne,
vitano.
Vitano kwa mwezi ndivyo vyake.
Vilivyobaki ni vya duka, na cha mtu hakibonyezwi.

Juu yangu, dansi ya hatua tatu ikatembea kwa mguu mmoja:
hatua, shimo, shimo. Hatua, shimo,
kimya chenye ukubwa wa kitufe kilicho bado Oulu.
Nikaigonga dari kwa fagio. Januari nikaigonga tena,
ila nilijikuta nimegonga pale palipokuwa na shimo.

Machi, mguu wa pili ukaanza kukanyaga.
Vitufe ishirini na vitano. Nilivihesabu nikimenya viazi.
Nikaacha kalenda, nikajua tarehe kwa masikio:
besi mpya ikinguruma, mshahara umeingia.

Julai, usiku usiojua kuzima taa,
kiwanda cha mbao kiliwaita wote kantini,
kikawapa kahawa na keki.
"Nilipoiona keki," alisema, "nikajua."
Arobaini na vitano. Agosti, arobaini na vitano.
Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga;
hawakusema neno juu ya maiti asiyezikwa,
aliyekalishwa kwenye kiti cha jikoni, amefungwa mikanda.

Nikapanda na bahasha. Akaitazama kama samaki wa juzi.
"Ukilipa wewe, Taisto, vidole vitakuwa vya nani?"
Akaninywesha kahawa. Akanirudishia bahasha, na ngazi zangu.

Sasa anasafisha shule, asubuhi tu.
Duka limekubali nusu kwa nusu,
yaani vitufe viwili na kipande.
Hicho kipande, nimekisikia mimi mwenyewe,
anakibonyeza hadi katikati basi:
inatoka pumzi tupu, pumzi ya mtu aliyetaka kusema.

Jana usiku alilifikia lile shimo kubwa
la katikati ya wimbo,
akasimama kama kawaida yake, mwaminifu, mkaidi.
Nami nimelala chali, meno yangu ndani ya glasi,
nikalijaza: mmm, mmm,
kwa kifua kilichokula moshi wa reli miaka thelathini.

Juu, kimya. Kiti kikalia.
Kisha akarudi nyuma, mbali kidogo,
akaja tena taratibu mpaka ukingoni mwa shimo,
akaningoja.